Skrinshoti imekuja, boda yuko mlangoni, hela hujaiona

Swali lilikuwa refu, nimelifupisha. Dada mmoja wa Tabata anauza pochi na viatu vya kike kupitia Insta na status za WhatsApp. Jumamosi mteja mpya kachagua pochi mbili na viatu pea moja, jumla 185,000, kasema anatuma boda wake mwenyewe. Boda kafika, meseji ya malipo ikaingia, mteja akatuma na skrinshoti juu, mzigo ukaondoka. Jioni dada anaenda kwa wakala kutoa hela, hakuna kitu. Sasa anauliza: "Kaka, nitawajuaje hawa watu mapema bila kuwakera wateja wangu wazuri? Nikianza kumwambia kila mtu asubiri nihakiki, si wataona siwaamini wahamie kwa mwingine? Na huyu aliyenipiga, nimuanike kwenye page?"

Pole sana dada. Kwanza hilo wazo la kuwajua mapema liache kabisa, maana hutawajua. Mimi kazi yangu ni kupitia malalamiko ya miamala, kutwa nzima nasoma chati za watu waliopigwa, na nikwambie tu tapeli wa oda huwa ndo mteja mtamu kuliko wote uliowahi kuwahudumia: habishani bei, haulizi "mwisho shingapi", hataki picha kumi na tano za pochi hiyohiyo kwa pembe tofauti, hela ya boda hailalamikii, anakuita "mpenzi" na "boss lady" na anataka mzigo leo leo. Wateja wako wa kweli ndo wasumbufu. Kwa hiyo ukianza kupima watu kwa maneno yao utamkatalia mama wa watu wa Mbagala mwenye hela yake halali, na mwizi utampakia mzigo kwenye mfuko mzuri.

Hangaika na salio. Meseji siyo hela, skrinshoti siyo hela, "nimeshatuma dada angalia vizuri" siyo hela. Hela ni ile unayoiona wewe mwenyewe ukiingia kwenye menyu, *150*00# kama uko Voda, *150*01# Yas (ile ilokuwa Tigo), *150*60# Airtel, *150*88# Halotel, ukaweka namba ya siri, ukaomba salio na ukaona limepanda. Au kwenye app ya mtandao wako ukafungua orodha ya miamala. Haichukui hata dakika, na karibu kila kesi ya skrinshoti inayonifikia ingeishia hapo.

Sasa fungua hiyo meseji ya Jumamosi kama hujaifuta, tuisome pamoja. Angalia juu kabisa imetoka wapi. Meseji ya kweli inaingia kwenye uzi uleule wa siku zote, wenye jina la huduma, chini ya miamala yako ya zamani ya kununua umeme na vocha. Ya kwako nina uhakika karibu wote imekuja peke yake, uzi mpya, kutoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi, ila wewe uliona tu kwenye skrini iliyofungwa "Umepokea TSh 185,000" basi ukaridhika, kwa sababu boda anapiga honi nje na mteja anapiga simu mara ya tatu. Haraka hiyo wameipanga wao, siyo bahati mbaya.

Halafu angalia mwisho wa meseji palipoandikwa salio jipya. Hapa ndo wengi wao wanaumbuka, na sijui kwa nini watu hawapaangalii. Tapeli anaweza kukopi jina la huduma, anaweza kutunga namba ya muamala yenye herufi na tarakimu ikafanana kabisa, tarehe na saa anaweka sahihi, lakini kitu kimoja hakijui: ulikuwa na shilingi ngapi kabla. Tuseme ulikuwa na 62,400. Ikiingia 185,000 salio jipya lazima lisome 247,400, siyo zaidi siyo pungufu. Ya kwako itakuwa imeandikwa kitu cha ajabu, 412,350 au 198,000, namba aliyoiokota kichwani. Kwa hiyo jizoeze kila asubuhi kabla hujapost mzigo uangalie salio uliandike hata kwenye karatasi, meseji ikiingia unajumlisha. Hii ni kwa ajili ya kushtuka haraka tu, mwisho wa siku bado unaingia kwenye menyu, maana hela zinazotoka mtandao mwingine au benki meseji zake zina maandishi tofauti tofauti na huwezi kukariri zote.

Na kama mtandao unasumbua menyu haifunguki? Mzigo hautoki. Hakuna mjadala hapo, hata kama anasema yuko airport.

Kuhusu kuwakera wateja, hapo nakupinga kidogo. Mtu anayenunua Kariakoo anasimama kaunta mpaka muuzaji aangalie simu aseme "imeingia", hakuna anayenuna. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo anajua tunaishi na watu gani. Kinachokera wateja wa mtandaoni ni kutuma hela halafu muuzaji akapotea saa nzima, hapo ndo presha inapanda. Wewe andika kwenye bio na kwenye jibu la moja kwa moja la WhatsApp Business maneno mafupi, mfano: "Mzigo unatoka hela ikionekana kwenye salio, utaratibu huu ni kwa wateja wote." Neno "wote" ndo muhimu, linamtoa mtu kwenye hisia ya kushukiwa yeye. Halafu mteja akituma tu, mjibu chapchap "nimeona umetuma, nahakiki sasa hivi", ukishaona unamwandikia "imeingia tayari, jina limesoma fulani, boda anaondoka". Mteja mwema anafurahi zaidi ya zamani. Tapeli anakasirika, anaanza "kwani mimi mwizi?", na hasira hiyo ni taarifa nzuri tu, mwache aende.

Tuje kwa boda. Umesema boda alikuwa wa mteja, na nimekuta mara nyingi boda mwenyewe hajui chochote, kakodiwa kijiweni kwa simu, kaambiwa achukue mzigo Tabata apeleke Ubungo, kule kapokewa na mtu amesimama barabarani siyo nyumbani, na wakati mwingine naye hakulipwa. Usimalize hasira zako kwake. Tumia boda wako unayemjua, mmoja au wawili, mteja alipie nauli kabla hajatoka. Kama mteja analipa akipokea, boda akifika asitoe mfuko mpaka umpigie WEWE kwa namba yako aliyoisevu, siyo mteja amwambie "nimeshaongea na dada", na siyo namba ngeni ipige iseme "mimi ndo mwenye mzigo nimebadili laini". Hilo la namba ngeni kumpigia boda lipo sana sa hivi, na boda akishachoka na jua la saa nane anakubali chochote. Mizigo ya mikoani, ya basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, hela kwanza mzigo baadaye, halafu mtumie mteja picha ya risiti ya basi, akiona risiti moyo unatulia.

Sasa niseme kitu ambacho hujaniuliza ila ndo kinaniogopesha zaidi, kwa sababu hapa salio LINAPANDA KWELI na bado unaumia. Inakuwa hivi: tapeli anafungua tangazo lake Facebook, anauza simu bei ya kutupa, tuseme 180,000. Anatokea kijana wa Mwanza anaitaka. Wakati huohuo tapeli anakuja kwako anachagua pochi za 180,000, unampa namba yako ya malipo, naye anaichukua namba hiyohiyo anampa yule kijana: "lipia hapa, ndo namba ya duka letu." Kijana anatuma, kwako hela inaingia, ya kweli kabisa, umeangalia salio umejiridhisha, mzigo unaenda kwa tapeli. Kesho yake kijana simu hajaiona, anaenda kulalamika, na namba inayoonekana kupokea hela ya utapeli ni ya kwako. Laini inazuiwa, unaitwa kituoni, unaanza kujieleza kwamba we unauza pochi tu. Tapeli yeye hayumo hata kwenye muamala, jina lake halipo popote.

Dawa yake ni jina. Meseji ya malipo inaleta jina la aliyetuma. Likiwa tofauti na la mteja unayechati naye, simama hapo. Atakuambia ni shemeji, ni mume wangu, ni ofisini kwetu, na mara nyingi ni kweli maana Watanzania tunatumiana hela hivyo kila siku, ila usiishie kuambiwa, pigia hiyo namba iliyotuma uulize swali moja tu: "Samahani, umelipia nini?" Akisema pochi za wifi yangu, sawa. Akisema simu, umemuokoa yeye na umejiokoa wewe. Hapo mzigo hautoki, na aliyetuma mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe, wewe usiiguse hiyo hela. Kabla hata ya malipo unaweza kuhakiki jina la mteja kwa njia ambayo wengi mnaijua, anza kama unamtumia hela ndogo, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, unakatisha. Ila usilifanye jina kuwa ushahidi wa mwisho. Laini zote zinatakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na NIDA, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, lakini kuna watu walishikishwa kidole mara mbili mbili na wasajili wa mitaani, laini ya pili ikaondoka na tapeli, mwenye jina ni bibi wa watu kijijini hana habari. Wewe mwenyewe piga *106# leo uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, usije ukawa ndo huyo bibi.

Nikirudi kwenye namba ya malipo. Naona bado unapokelea kwenye laini yako binafsi, hiyohiyo unayotumiwa hela na ndugu na unayochezea kikoba. Chukua Lipa Namba, ile namba ya malipo ya biashara ya mtandao wako. Sababu ya kwanza, mtu akilipa anaona jina la biashara yako kabla hajathibitisha, kwa hiyo yule kijana wa Mwanza anayedhani analipia simu akiona jina lina "Pochi" ndani yake anaweza kushtuka mwenyewe. Sababu ya pili, hela iliyotumwa mtu kwa mtu, mtumaji anaweza kudai alikosea namba na kuomba irudishwe, na kama bado haijatolewa mtandao unaweza kuishikilia wakati wanachunguza. Wapo wanaolipa kweli, wakipokea mzigo wanapiga simu "nilikosea namba". Kwenye malipo ya biashara hoja ya kukosea namba inakuwa dhaifu zaidi, kwa sababu umeshaonyeshwa jina la duka na ukakubali. Bado tunza chati ya oda na ushahidi kwamba mzigo ulipokelewa, ukiitwa kujieleza una kitu cha kuonyesha. Makato yake ulizia kwa mtandao wako, hayafanani.

Kuna na mchezo mwingine, mtu anakwambia: "Nimekosea, nimekutumia 450,000 badala ya 45,000, nirudishie 405,000 kwenye namba hii." Usirudishe kwa mkono wako hata siku moja. Kwanza huenda hakuna kilichoingia, ni meseji tu. Na kama kimeingia kweli, ukimtumia kwenye namba nyingine halafu yeye akaomba muamala wa awali urudishwe, umelipa mara mbili. Jibu ni moja: "piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, wakinipigia nitakubali irudishwe." Mwenye shida ya kweli atapiga.

Wa nje nao, yule anayejitambulisha yuko Muscat au Marekani anataka magauni ya harusi ya dada zake, katuma emaili eti kutoka benki kwamba hela "imeshikiliwa mpaka muuzaji atume risiti ya mzigo" au ulipe ada kidogo iachiwe. Hakuna benki inayomfanyia hivyo mtu wa pochi. Tuna wateja wengi wazuri Oman na kwingineko, hela zao zikitumwa zinatua kwenye akaunti yako bila wewe kulipa chochote ili zitue, zikishatua ndo unapakia.

Namba ya siri na zile namba za uthibitisho za tarakimu sita sitaki hata kuziongelea sana. Huduma kwa wateja hawakuombi namba ya siri. Tarakimu sita za WhatsApp ukimpa mtu unampa akaunti nzima, na wewe ni muuzaji, mtu akikaa kwenye WhatsApp yako siku moja tu atakusanya hela za wateja wako kwa jina lako ulilolijenga miaka. Weka uthibitisho wa hatua mbili WhatsApp na Insta leo, kabla hujalala.

Sasa hili la Jumamosi. Watu wengi wanakimbilia kupiga 100 wakitaka warudishiwe hela, halafu wanakasirika wakiambiwa haiwezekani. Elewa kitu: kwenye kesi yako hakuna hela iliyotoka kwako, hakuna muamala kabisa, kwa hiyo mtandao hauna cha kurudisha. Kilichoibiwa ni mzigo. (Ingekuwa umetuma hela, hapo ndo 100 dakika ileile, maana akishatoa kwa wakala imekwenda.) Kwa hiyo wewe njia yako ni polisi. Nenda kituo cha karibu ukafungue kesi upewe RB (namba ya kumbukumbu ya kesi yako pale polisi), beba chati nzima bila kufuta kitu hata kama umemtukana, beba meseji feki ikiwa kwenye simu siyo skrinshoti tu, namba zote alizotumia, namba ya boda, sehemu aliyoshusha mzigo na saa. Boda huyo ndo shahidi wako mkubwa, mpigie kwa upole. Kutuma meseji ya uongo ili upate mali ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usikubali mtu akuambie ni mambo ya biashara mkayamalize wenyewe. Na hiyo meseji iforwadi kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakapouliza namba iliyotuma uiandike, ili ifanyiwe kazi isiendelee kupiga wengine. Sitakudanganya kwamba pochi zitarudi, mara nyingi zinakuwa zimeshauzwa kabla hujafika kituoni, ila bila RB hata ikija kukamatwa hiyo laini kwa kesi ya mtu mwingine wewe haupo kwenye hesabu.

Kumuanika kwenye page, ningekuwa wewe nisingefanya. Ile picha ya profaili karibu kila mara ni ya mdada wa watu imeibiwa Insta, na jina kwenye laini linaweza kuwa la yule bibi niliyemsema. Ukibandika sura na namba ukaandika MWIZI HUYU, mwenye picha akajitokeza, kesi inageuka ya kwako, maana kuna kifungu cha kusambaza taarifa za uongo kwenye sheria hiyohiyo na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi juu yake. Ukitaka kuwasaidia wauzaji wenzako, posti meseji feki yenyewe, ficha namba na majina, zungushia nyekundu pale kwenye salio lisilojumlishika, na uwaambie waangalie hapo.